Makelele Yetu Shambani Lumemo

Majirani wa Kibaoni walipotuchoka, mimi na rafiki zangu wawili tulihamishia muziki wetu wa makelele kwenye shamba la mpunga la shangazi yangu kule Lumemo. Tulikuwa na redio mbovu, spika ya betri na vipande vya mabati. Tulipoanza tu, mama wa shamba la jirani akaja mbio. Nikajua tumekwisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hiki ni nini?"

"Muziki, mama."

Akacheka. "Ndege wote wamekimbia! Tangu alfajiri nawaamia, nawafukuza wasile mpunga, mpaka sauti inataka kunikauka."

Akaleta debe lake, akaligonga kwa fimbo huku akipiga ukelele mkubwa kuliko wa spika yetu. Tukapiga tukimfuata yeye mpaka jioni. Siku hizi tukiwa na onyesho, yeye ndiye anayeanza.