Bosi, Varelo yako imefika

Leo nimempelekea bosi raketi ya kuulia mbu, mbele ya mgeni wake.

Msinicheke. Bado sijathibitishwa kazini.

Asubuhi aliniambia, "Kijana, nitafutie raketi ya Varelo. Enzi zetu chuoni, bila Varelo hukuhesabika kwenye tenisi."

Tenisi mimi naisikia redioni tu.

Nikazunguka soko zima la Kasulu. Mama wa duka la umeme akanipa moja. "Varelo ndiyo hii, mwanangu. Unaichaji tu."

Nikahakiki jina herufi kwa herufi, nikanunua.

Bosi akaishika kama mchezaji, akabonyeza kitufe. Nzi akaungua.

"Siku hizi Varelo wanatengeneza hizi?"

"Ndizo nilizoziona, mzee."

Akakaa. Mgeni akampa pole, kama ya msiba. Mimi kichwani naandika barua ya kujieleza.

"Kijana," akasema hatimaye, "kaniletee na ya nyumbani."

Nyie mngeweza kujizuia kucheka?