Mkono Ulioelekea Ukutani

Jumapili ya kwanza baada ya Modestus kuhama Katy, mji ulio kando ya Houston huko Texas, kwaya ya kanisa iliimba bila gitaa. Waimbaji walisimama mahali pao pa siku zote na kuanza wimbo wa kuingilia. Walipofika pale ambapo kwa miaka tisa gitaa lilikuwa likiingia peke yake kabla ya ubeti wa pili, wote wakanyamaza. Hakuna aliyewaambia wanyamaze, koo zao zilikuwa zimezoea. Mtoto mmoja akakohoa. Kisha Theodora, kiongozi wa kwaya, akaudaka ubeti kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake, na wengine wakamfuata.

Jioni alimpigia simu.

"Kaka Modestus, mmefika salama huko Lewisville?"

"Tumefika, dada. Bado tunafungua maboksi."

"Leo tumeimba kama tumefiwa."

Modestus akacheka. Theodora hakucheka.

"Miaka tisa umetupigia," alisema. "Hata mpigaji mmoja hukutuachia."

"Sasa dada, nilimkataza nani? Vijana si walikuwa wanakaa pale pale mbele yangu?"

"Walikaa. Ndicho ninachosema. Walikaa miaka yote hiyo, na hakuna aliyejua kupiga."

Maneno hayo yalimkera Modestus kuliko alivyotaka kukubali, maana Lewisville alikuwa amekuja kuwa mwalimu wa gitaa. Ofisi ya bima aliyokuwa akifanyia kazi Houston ilipunguza watu baada ya mafuriko ya mwaka 2017, naye akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Mwezi uliofuata mkewe, Ndeshi, ambaye ni muuguzi, akapata kazi nzuri zaidi huku kaskazini, upande wa Dallas. Walipokuwa wakifunga mizigo Ndeshi alimwambia jambo ambalo mume yeyote anayependa muziki angelisikia kama ndoto.

"Baba Precious, mwaka huu mmoja ni wako. Fundisha hilo gitaa lako. Ikifika Januari na haijaenda, unatafuta ofisi, na sitaki kusikia manung'uniko."

Modestus alipenda gitaa kabla hajawahi kuligusa. Kule Morogoro alikulia katika nyumba yenye redio moja, na mama yake alipoizima ili kutunza betri, yeye aliendelea kuzisikia nyuzi kichwani mpaka usingizi umchukue. Alipokuwa kijana alijifunza ufundi wa redio, na ufundi huo ndio uliomfikisha kwenye bendi: amplifaya yao ilikuwa ikiharibika kila wiki, naye alikuwa akiitengeneza bila malipo ili mradi aruhusiwe kukaa kwenye mazoezi. Mpiga gitaa la solo wa bendi hiyo aliitwa Majaliwa. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye soni hata ya kuagiza soda. Lakini kila wimbo ulipofika kwenye kile kipande chake, kile kilichofanya watu waache vinywaji mezani na kuinuka, Majaliwa aligeuza bega taratibu mpaka shingo ya gitaa ikaelekea ukutani. Wapigaji wote wa mji ule walifanya hivyo. Kipande ndicho kilichokuwa kazi ya mtu, na akishakijua mwingine, bendi ina sababu gani ya kukubakiza?

"Nenda nyumbani, dogo," Majaliwa alimwambia siku moja alipomwona anachungulia. "Hapa si shule."

Modestus alikipata kile kipande kwa masikio tu, baada ya miaka miwili. Akakibeba hadi Dar es Salaam, kutoka huko hadi chuo kikuu Houston, na hatimaye kanisani Katy, ambako watu wazima walikuwa wakifumba macho kila alipokipiga.

Mwanzoni wanafunzi walipatikana bila shida. Ndeshi alituma tangazo kwenye kundi la WhatsApp la Watanzania, Wakenya wakalisambaza kwenye makundi yao, na kufikia Februari sebule yao ya ghorofa ya pili ilikuwa na viti vya kukunja kila jioni. Modestus alikuwa mvumilivu, hakumfokea mtu, alirudia jambo hata mara kumi. Hata hivyo walianza kupungua. Kariuki, mwanafunzi wa chuo aliyekuwa akija kutoka Mansfield, alisema ni mbali. Ni mbali kweli, lakini hata siku aliyoanza ilikuwa mbali hivyo hivyo. Wengine walisema shifti zimebadilika. Wengine hawakusema kitu, wakaacha tu kujibu ujumbe.

Mei ilipoanza alikuwa amebaki na mmoja. Modestus alianza kusoma matangazo ya kazi za ofisini asubuhi, chai ikipoa mbele yake, na kila alipoyasoma alihisi barabara kuu ya kutoka Katy hadi ofisini ikimrudia mgongoni, saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, miaka yote ile. Aliamini mwaka wake umeshampa jibu. Kumbe kupenda kitu maisha yako yote si sawa na kuweza kumpa mtu mwingine.

Huyo mmoja aliyebaki alikuwa Moraa, muuguzi Mkenya wa miaka hamsini na kitu aliyefanya shifti za usiku katika nyumba ya wazee. Alikuwa akija alasiri akiwa ameamka muda si mrefu, kilemba kimefungwa haraka, na alikuwa na mdomo.

"Mwalimu, nikuulize kitu na usikasirike?"

"Uliza, dada."

"Hivi mimi nanuka?"

Modestus akaacha kupiga. "Kwa nini unasema hivyo?"

"Kwa sababu ikifika hapo patamu unanigeukia mgongo. Kila mara. Nimesema labda ni dawa za kazini zimeniganda kwa nguo."

"Mimi sijawahi kukugeukia mgongo."

"Haya. Piga tena."

Akapiga. Moraa alikuwa ameinua simu yake. Alipomaliza, Moraa akamwekea video mbele ya uso, na Modestus akatazama. Aliiona sebule yake, akamwona mwanamume mwenye mvi za pembeni akipiga vizuri, uso umetulia. Kisha, pale patamu, bega la mwanamume huyo likaanza kuzunguka, polepole, kwa adabu kabisa, mpaka mkono wa kushoto ukapotea na kukabaki shati tupu. Kipande kilipokwisha, bega likarudi mahali pake.

Precious, binti yao, alikuwa akipita kwenda jikoni. Alichungulia video ile, akasema kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba baba hufanya hivyo siku zote. Yeye alidhani ndivyo gitaa linavyopigwa.

Moraa akacheka mpaka akaegemea kiti. Modestus hakuweza. Alimwona Majaliwa, amehamia ndani ya bega lake miaka yote hii, anamfichia kazi ambayo Texas nzima hapakuwa na mtu wa kumnyang'anya. Na vijana wa Katy walikuwa wametazama nini kwa miaka tisa? Shati.

"Dada Moraa," alisema baadaye, "mimi sikufundishwa. Niliiba."

"Sawa. Sasa mimi nimekuja mchana na mlango nimebisha. Nionyeshe."

Haikuwa rahisi jinsi Moraa alivyofikiri. Modestus alipojaribu kukaa akimtazama uso kwa uso, bega liligeuka lenyewe. Alipolizuia bega, vidole vilikosea kipande alichokipiga maisha yake yote. Wiki iliyofuata alikisogeza kiti chake kwenye kona, kiasi kwamba akigeuka tu kichwa cha gitaa kitagonga ukuta.

"Umejifunga mwenyewe kama mbuzi," Moraa alisema.

Gitaa liligonga ukuta. Likagonga tena, rangi ikabanduka. Kufikia mwisho wa mwezi lilikuwa likigonga mara moja moja tu, na alasiri moja Modestus alikipiga kile kipande chote polepole, vidole wazi, mwanga wa dirishani ukiangukia mkono.

"Tazama kidole hiki cha tatu. Wote mnafikiri kinabonyeza. Hakibonyezi. Kinainuka mapema kidogo kuliko inavyotakiwa, uzi unalia mtupu, halafu ndipo kinarudi."

Moraa alitazama kwa umakini ambao labda ndio aliowatazamia wagonjwa. "Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

"Na umeificha miaka mingapi?"

Moraa akainama juu ya gitaa lake, akakosea, akakosea tena, akatukana kwa Kikisii, kisha kidole kikainuka mapema na sauti ile ikatoka. Ilikuwa na makwaruzo, lakini ilikuwa yenyewe. Modestus aliposikia sauti hiyo ikitoka kwenye mkono wa mtu mwingine, alihisi kitu kama wivu kikimpanda hadi kooni. Kikakaa hapo. Kisha kikashuka, na nafasi yake ikawa pana.

"Rudia," alisema.

Wiki mbili baadaye Moraa alikuja na wenzake wawili wa kazini. "Huyu ndiye yule mwalimu wa kona," aliwaambia mlangoni. Hao nao wakaleta wengine. Kariuki aliposikia, alirudi, akawa anatoka Mansfield kila Alhamisi bila kutaja umbali. Januari ilifika. Ndeshi aliitazama sebule iliyojaa viatu vya watu mlangoni na kusema kwamba ofisi itabidi isubiri, ila viti viongezwe, maana yeye amechoka kukaa kwenye ndoo ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Kwa Katy alikuwa amechelewa. Modestus alimpigia Theodora, akajitolea kwenda kila mwezi kuwafundisha vijana, lakini wale vijana walikuwa wameshatawanyika, vyuoni na makazini, na kwaya ilikuwa imenunua kinanda. Theodora alimshukuru kwa upole. Upole huo bado humrudia Modestus barabarani, akiwa peke yake ndani ya gari, na huwa hawashi redio.

Virusi vya korona vilipofunga milango mwaka 2020, alihamishia masomo kwenye kompyuta chumbani. Kamera aliielekeza kwenye mkono wa kushoto, na wanafunzi wengine wapya hawaujui uso wake vizuri. Modestus anaishi Lewisville, ghorofa ile ile ya pili, na anafundisha gitaa kuanzia Jumanne hadi Jumamosi.