Siku Nilijipeleka Mwenyewe mu Tribinali ya Watu wa Kasongo

Haya, chekeni, najua mulikuwa munangoja niseme mwenyewe. Ndiyo, ni mimi yule fundi aliyejifunga na kamba yake mbele ya waamuzi watatu na muji muzima, na kwa miaka mingi mutu akianza tu kusema «kulikuwa fundi mumoja wa Kabambare…» nilikuwa nainuka barazani, nasema nimekumbuka kitu nyumbani, naenda. Leo sitoki. Nimezeeka, haya nayo imezeeka.

Ilikuwa wakati wa Wabeleji. Mimi ni kijana, niko Kabambare, niko na mashini moja ya kushona niliyoachiwa na marehemu baba, na mashini ile ndiyo ilikuwa inatulisha, mimi na mama yangu (shamba hatuna, mbuzi hatuna, ni mashini tu). Basi Mama Mariamu, mwenye kuuza vitambaa karibu na musikiti wa Kasongo, akaniita nishone nguo ya arusi ya binti yake Zaina, na nguo ingine ya mudogo wake Hadija, mutoto wa miaka kumi. Nikakaa barazani kwake juma moja, nikashona, nikala wali wake, nikarudi kwetu nimeridhika kabisa. Siku ya arusi Zaina akainama kusalimia wakwe, nguo ikapasuka kutoka kwapa mupaka kiuno! Watu wa upande wa bwana wakaangua kicheko, Zaina akalia, akaapa haendi kwa wakwe mupaka apate nguo ingine, na Mama Mariamu akanishitaki.

Karatasi ya tribinali ya Kasongo ikanifikia Kabambare. Nikaipeleka kwa mujomba wangu Assani, aliyekuwa kalani wa tribinali yetu zamani, mutu wa kujua mambo haya vizuri. Akaisoma, akaikunja, akanirudishia.

«Amisi, kaa kwako,» akasema. «Wewe umeandikwa huku, unakaa huku, chifu wako iko huku. Mwenye kukushitaki ndiye anakufuata pale unakaa, si wewe kumufuata. Mama huyo akitaka, aje hapa.»

Mutu mwenye akili angesema «aksanti, mujomba» na kurudi kushona. Mimi nikasema lazima niende, nikaseme neno hilo mbele ya macho yao, wajue Kabambare nako kuna watu! Mujomba akaona sisikii.

«Kama lazima uende, mashini uiache hapa. Na ukifika, neno lako la kwanza liwe moja tu: mimi ni mutu wa Kabambare, tribinali hii haiko yangu. Halafu nyamaza. Ukianza kujibu kesi yenyewe, umekwisha kukubali wakuamue. Nakujua mudomo wako. Shika pini kwa meno kama unavyofanya ukishona.»

Sasa musikie ujinga wangu. Pini nikachukua, lakini mashini nikaifunga nyuma ya velo, baisikeli yangu (nikajiambia nikimaliza maneno yao nitashona kidogo sokoni, safari isiwe ya bure), nikaisukuma siku nzima na siku ingine, mupaka Kasongo. Nikaiegemeza velo na mashini yake kwenye ukuta wa tribinali yenyewe, pale chini ya bendera, kila mutu aione.

Ndani kumejaa. Kalani akaita jina langu, nikasimama na buku yangu ya utambulisho mukononi, imefunguliwa pale penye mhuri wa Kabambare. Nikafungua kinywa, na mukubwa wa waamuzi, muzee mupole wa kofia nyeupe, akasema, «Ngoja, baba, mama aanze.» Basi nikakaa, nikaweka pini kwa meno. Mupaka hapo nilikuwa salama, wallahi.

Mama Mariamu hakusema mengi. Akakunjua nguo, akainua juu wote waone mupasuko, akasema, «Muangalie wenyewe. Kama huyu ni fundi, basi hata kuku wangu wanajua kushona.»

Pini ikatoka. Sijui ilianguka wapi mupaka leo. Nikajikuta niko katikati ya nyumba, nimeshika nguo, nasema mashono yangu napitisha uzi mara mbili, muvute muone, kitambaa ndicho kimepasuka, mushono haukuachia, na nguo hii nimeishona mimi kwa mikono yangu, hapa hapa Kasongo, barazani kwa mama huyu, kwa vipimo vya haki! Kalani alikuwa anaandika mbio mbio, na mimi (Mungu anisamehe) nikafurahi, nikapunguza mwendo ili asiache neno. Kisha nikamalizia, «Kosa ni la binti, amenenepa akingoja bwana!»

«Ooooh!» watu wote. Zaina akasimama, macho makali. «Nipime basi.»

Ndugu zangu, zamani tulikuwa tunapima na kamba, fundo moja la bega, moja la kifua, moja la kiuno, kila mutu na kamba yake. Nikatoa ile niliyoitunza mufukoni kama ushahidi, nikamupa shangazi yake amuzungushie kiunoni. Kamba haikufika. Ilibaki nafasi ya kiganja kizima. Nilitaka kusema «si munaona alivyonenepa», lakini Mama Mariamu alikuwa amekwisha kuinama kutazama.

«Uzi huu mwekundu nilifunga mimi mwenyewe. Hii ni kamba ya Hadija!»

Kumbe nilibadilisha kamba! Ndiyo maana nguo ya Hadija ilikuwa inaburura chini, na mimi nikawaambia si kitu, mutoto atakua. Nyumba nzima ikavunjika kwa kicheko, hata polisi wa mulangoni. Na hapo ndipo nikakumbuka mujomba. Nikainua buku, nikasema kwa sauti ndogo, «Lakini mimi ni mutu wa Kabambare. Tribinali hii haiko yangu.»

Muzee wa kofia nyeupe akafuta machozi ya kucheka. «Mwanangu, ungesema hivyo kwanza, tungekuachia uende zako. Sasa umejibu kesi, umeleta ushahidi, umetuambia kazi ilifanyika hapa. Mwenyewe umetupa uwezo, hatuwezi kukurudishia. Na hiyo mashini nje, ni yako?»

Mashini ikaingizwa kwa kalani, iwe rehani. Nilie au nisilie? Nililia. Ikaamuliwa nitapewa kila asubuhi, nitashona nguo mupya barazani kwa Mama Mariamu, naye ameketi mbele yangu, na ikimalizika ndipo mashini irudi kwangu.

Nilishona nguo ile kama naishonea roho yangu. Zaina akaivaa, akainama, akaketi, akaruka mara tatu uani, uzi haukulia, akaenda kwa wakwe na kichwa juu. Wanawake wa mutaa walikuwa wanatazama. Kesho yake mumoja akaleta kitambaa, kisha wawili, kisha sikupata nafasi ya kurudi. Nikamuleta mama yangu, nikabadilisha buku, nikaandikwa Kasongo.

Tangu siku ile kila kamba naifunga na jina, na nikiitwa kwenye baraza ya watu wengine nasema kwanza mimi ni wa wapi, halafu nanyamaza. Mama Mariamu naye, Mungu amupe maisha, hapiti hapa bila kuniuliza, «Amisi, tribinali hii iko yako?»

Namujibu, «Iko yangu, mama.» Na sasa ni kweli.