Malaika Mikaeli Atazame Mlangoni

Ipo siku moja ya mwezi wa rozari, mwanangu Fina, ambayo nikiikumbuka aibu na kicheko vinanijia pamoja, na sijui nianze na kipi. Wewe siku ile ulikuwa mgongoni kwangu, unanyonya ncha ya kanga, kwa hiyo huna kosa. Dada yako Hyasinta ameniomba miaka yote nisiisimulie. Jana nimempigia simu huko kwake Mbamba Bay, kando ya ziwa, nikamwambia safari hii nasimulia, kwa sababu ya nilichokiona nyumbani kwako Mbinga juma lililopita. Akacheka, akasema basi simulia, mama, ila usitie chumvi. Nitajitahidi.

Nilichokiona ni hiki. Nilikuja kuwasalimia, nikakuta kitanda cha mjukuu wangu Odilo kimekuwa kigango kizima, kanisa dogo la kijijini. Shuka lina picha za watakatifu, taa ndogo ya malaika inawaka ukutani, na juu ya mto amelazwa mdoli wa Mtakatifu Fransisko mwenye ndege begani. Nilifurahi, maana mimi vitu vya namna hiyo navipenda kuliko ninavyopenda kwenda kuungama. Kisha nikaona Fransisko amevalishwa soksi kichwani, imeshuka mpaka shingoni. Nikamuuliza Odilo huyu amekosa nini hata anafunikwa uso. Akaja sikioni kwangu.

"Bibi, anarekodi. Mama amesema nikisumbua kulala anarekodi, halafu anamtumia Yesu."

Nilimaliza chai yangu, nikakuaga, nikapanda gari la kurudi kwangu Litembo. Ningekukemeaje, wakati ujanja huo umeurithi kwangu, na mimi wakati ule sikuwa hata na simu ya kusingizia?

Tulikuwa tunaishi nyumba hiihii ninayokaa leo, chini ya kahawa za babu yenu. Baridi ya huku unaijua. Unarudi shambani na mtoto mgongoni, unainjika maharage, unasonga ugali, unaosha miguu ya watu, na kazi ikishakwisha wanabaki binadamu wawili wadogo ambao hawataki kulala. Kaka yako Otmari alikuwa ameanza shule. Hyasinta alikuwa bado, lakini maswali yake yalikuwa ya darasa la saba.

Na sala zetu za jioni zilikuwa ndefu, nikubali. Nilikuwa mke kijana, nimechaguliwa karibuni kuongoza nyimbo katika jumuiya, na nilitaka anayepita njiani asikie jinsi nyumba yetu inavyosali. Tukimaliza Baba Yetu na Salamu Maria tunaanza kuwaombea marehemu wa ukoo, mmoja mmoja, kwa jina. Marehemu wa ukoo wa baba yenu si wachache. Otmari alikuwa anasinzia kwenye wajomba na kuzinduka kwenye mashangazi.

Sasa, katika zawadi zangu za harusi ilikuwemo picha kubwa ya Malaika Mkuu Mikaeli. Unaijua, ndiyo ile yenye fremu nyeusi: ameshika mkuki, na mguu wake uko shingoni mwa shetani. Niliitundika juu ya kitanda cha watoto ili iwalinde, na hapo sikukosea. Nilikosea jioni Hyasinta aliponiuliza yule aliyekanyagwa chini ni nani. Nilikuwa nimechoka, naye alikuwa ameshauliza mengine mengi kabla ya hilo.

"Huyo," nikamwambia, "ni mtoto aliyekataa kulala."

Mwanangu, alilala papo hapo. Kesho yake nikamtazama Mikaeli tu, bila kusema kitu, wakalala wote wawili. Nikaona nimepata dawa ambayo hata hospitali hawana. Basi watakatifu wote wa nyumba ile nikawapa kazi ya uaskari. Mtakatifu Yosefu aliyekuwa kwenye kalenda nikamkabidhi kopo la sukari. Rozari yangu inayong'aa gizani, niliyoletewa na sista mmoja, nikasema ni macho ya malaika mlinzi, hayafumbi. Nyumba ikawa kimya kuanzia jioni, nami nikajisifu hadi kisimani.

Bibi yenu Osmunda, mama yake baba yenu, alikuwa na nyumba yake uani hapohapo. Jioni moja alisimama mlangoni akanisikiliza ninavyowalaza. Akaniuliza kwa upole kama watoto wamenyamaza kwa sababu wamesali au kwa sababu wanaogopa. Nikamjibu kwa adabu zote kwamba wamesali, mama. Niliyoyasema moyoni siyaweki hapa.

Haukupita muda mrefu Hyasinta akaanza kukojoa kitandani, yeye aliyekuwa ameacha zamani. Fikiria mwenyewe: kopo la usiku liko pembeni, lakini kuinuka kulifuata ni kumwonyesha Mikaeli kwamba hujalala. Mimi sikuliona hilo. Nilidhani ni baridi, nikamwongezea blanketi. Mikaeli naye nikamwongezea kazi, nikasema hapendi hata vikojozi.

Mwezi wa kumi, ule wa rozari, ukafika, na sanamu ya Bikira Maria ya jumuiya ikaanza kutembea nyumba hadi nyumba kama kawaida. Inakaa kwenu siku kadhaa, majirani wanakuja jioni kusali rozari, kisha wanaichukua kwa nyimbo kuipeleka kwa jirani anayefuata. Zamu yetu ilipofika nilipaka kuta udongo mweupe, nikatandika kitambaa nilichokidarizi mwenyewe, nikatafuta maua mpaka kwenye bustani za watu. Sanamu yenyewe ilikuwa ya plasta, urefu wa mkono, ina vazi la buluu, na watu waliitunza kama mboni ya jicho. Familia moja ya ng'ambo ya mto iliwahi kuivunja kidole kimoja kidogo. Mpaka leo wakitajwa, mtu anauliza, wale wa kidole?

Jioni ya kuikabidhi, Hyasinta alisema tumbo linamuuma, nikamwacha alale. Nikasikia nyimbo zinapanda njiani. Nikaingia sebuleni kuwasha mishumaa, nikakuta kitambaa, maua na mishumaa, lakini Mama Maria hayupo.

Nilitazama chini ya meza. Nilitazama hata ndani ya chungu cha maharage, usiniulize kwa nini. Nikamwita baba yenu kwa ishara, akapauka. Nyimbo zilikuwa zimeshafika kwenye migomba. Mimi kiongozi wa nyimbo, mimi niliyewacheka wale wa kidole, nimepoteza sanamu nzima.

Basi nikatoka, nikaufunga mlango nyuma yangu, nikawaambia ndugu zangu katika Kristo kwamba leo tutasali hapa uani, chini ya mbingu aliyoiumba Mungu mwenyewe. Kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Mzee Kastori, mwenyekiti wetu, mtu wa magoti mabovu, aliitazama mbingu, akanitazama mimi, akapiga magoti. Nikaongoza rozari ya matendo ya furaha. Baba yenu akapita nyuma ya watu akielekea banda la mbuzi, akarudi akinionyesha viganja vitupu. Nikaunganisha matendo ya uchungu bila kupumua. Akaenda kwenye magunia ya kahawa, akarudi na viganja vilevile. Nikaanza litania, na litania nikaiimba polepole, kila mtakatifu kwa zamu yake, huku nikimwomba Mtakatifu Antoni, mtafutaji wa vilivyopotea, kwa siri anipatie mama yake Yesu. Watu walidhani nimejaliwa roho ya sala. Mama mmoja alikuwa analia, sijui kwa ibada au kwa baridi.

Bibi Osmunda hakuwa anaitikia. Alikuwa ananitazama. Nilipofika kwa wafiadini, alisimama, akajifunga kanga vizuri, akaingia ndani bila kuniomba ruhusa. Baada ya kitambo nikasikia ananiita kwa sauti ndogo, "Mama Otmari, njoo." Nikamwachia Mzee Kastori wafiadini wote waliobaki.

Nilimkuta amesimama chumbani kwa watoto na kibatari. Hyasinta alikuwa amejibana ukutani, amelala. Upande wa nje, juu ya mto, chini kabisa ya mguu wa Mikaeli, alikuwa amelazwa Mama Maria, amefungwa kanga yangu kichwani na kufunikwa blanketi mpaka kidevuni. Mkono wa mtoto ulikuwa umemshika shingoni.

Bibi alimwamsha taratibu, akamuuliza mbona amemleta Mama Maria huku. Hyasinta alinitazama mimi kwanza. Kisha akamjibu bibi yake.

"Nimemweka huku nje. Mikaeli akitaka kunikanyaga atamkuta mama kwanza. Yeye ni mama, hatakubali."

Bibi Osmunda hakupandisha sauti. Angepandisha ingeniuma kidogo zaidi ya hapo, lakini ningepona upesi.

"Mtoto ametafuta mama, Mama Otmari. Wewe ulikuwa umekwenda wapi?"

Niliketi ukingoni mwa kitanda nikalia, wewe ukiwa mgongoni unanivuta nywele. Nilimvuta Hyasinta nimkumbatie, na hapo ndipo mkono wangu ulipogundua jambo jingine. Shuka lilikuwa limelowa. Blanketi limelowa. Na vazi la buluu la Mama Maria lilikuwa limelowa mpaka kiunoni.

Nilitaka tuifute kwanza, tubuni maneno, tuseme paa linavuja. Bibi Osmunda alisema paa halijavuja na mvua haijanyesha tangu masika. Akambeba Hyasinta kiunoni, Hyasinta akiwa amembeba Mama Maria, wakatoka kwenda uani wote watatu. Akawaeleza watu ilivyokuwa, kwa maneno machache, tangu Mikaeli hadi shuka. Mimi nilisimama mlangoni nikiwaza kwamba wale wa kidole leo wamepata nafuu. Kuanzia sasa tutatajwa sisi, na mtu atauliza, wale wa mkojo?

Mzee Kastori aliipokea sanamu. Aliisogeza puani, akaishusha. Akamtazama Hyasinta aliyekuwa ameficha uso kwenye shingo ya bibi yake.

"Mama huyu naye alilea mtoto," akasema. "Haya si mageni kwake."

Watu walicheka, mwanangu, wakacheka mpaka mbuzi wakaitikia bandani. Mama mmoja akaleta maji ya moto, mwingine kitambaa, Mama Maria akaogeshwa pale uani kama mtoto wa mtu. Kisha wakashika njia na nyimbo zao, na Mzee Kastori akamtanguliza Hyasinta mbele ya wote, ashike mshumaa. Walitutania kwa miaka mingi, na kweli jina lile tuliitwa. Siwalaumu hata kidogo.

Nilimlaza Hyasinta mwenyewe jioni ile. Nikamwambia nilimdanganya. Aliye chini ya mguu ni shetani, na hakuna mtoto aliyewahi kukanyagwa na malaika. Alifikiri, akauliza, kama Mikaeli anatulinda mbona anatutazama sisi, wakati shetani atapitia mlangoni? Sikuwa nimewahi kuliwaza hilo. Nikamwita baba yenu na nyundo. Tukamhamishia Mikaeli ukuta wa pili, akatazama mlangoni, na Otmari akauliza kama mguu wake hauchoki.

Kukojoa hakukuisha siku hiyo, kuliisha polepole, kadiri hofu ilivyoisha. Sala nikazifupisha. Marehemu tukawaombea wote kwa jumla, na hakuna aliyenilalamikia. Kila mtoto alisema kitu kimoja cha siku ile cha kumshukuru Mungu, hata kama ni kumbikumbi. Nikamsimulia kila mmoja kidogo habari za somo wake, yule mtakatifu aliyempa jina, nikawachora msalaba kwenye paji la uso kwa kidole chenye maji ya baraka, nikakaa nao mpaka usingizi uwachukue. Kule kukaa ndiko kulikokuwa kugumu, maana vyombo vilikuwa vinaningoja. Vilingoja.

Kwa hiyo nakusihi, Fina mwanangu, na wewe mwingine unayesoma hapa ukiwa na mtoto asiyetaka kulala. Nunueni shuka za watakatifu, nunueni taa na midoli, mimi sina ugomvi nayo. Mtoto mdogo anashika imani kwa mkono kabla hajaishika kwa akili. Lakini mtakatifu wa kitandani ni rafiki wa mtoto, msimgeuze askari wenu. Mkimtumia kutisha mtapata ukimya, na mtoto atajifunza kuwakwepa watakatifu na Mungu pamoja nao. Ukichoka, mwambie umechoka. Sala iwe fupi kiasi kwamba kesho aitamani tena. Na usimwachie mdoli kazi ya kukaa naye, kwa sababu mdoli hana mkono wa joto.

Hyasinta kila akipiga simu kutoka ziwani, baada ya shikamoo, ananiuliza kama Mikaeli bado anatazama mlangoni. Namjibu bado anatazama. Leo jioni mvue Fransisko ile soksi, umwambie Odilo kwamba hakuna aliyekuwa anarekodi.

Mungu akubariki, mwanangu, akujalie subira jioni unapokuwa huna hata chembe. Malaika wake wakae mlangoni pako wakitazama nje. Na Odilo akishtuka usiku akapapasa gizani, mkono wa kwanza atakaoukuta uwe wako. Amina.