Siku Niliyoipa Blogu Kumi kwa Kumi

Jamani, hili nalisema huku nimefunika uso kwa kitenge, na mkicheka chekeni polepole.

Mnajua mimi ndiye ninayeshika ufunguo wa maktaba yetu ndogo hapa kambini Nakivale (chumba kimoja, rafu tatu, daftari la kuazimisha na taa ya sola ambayo siku ya mawingu haiwaki). Kwa ajili ya ufunguo huo nikaitwa mjini Mbarara kwenye mafunzo ya watunza maktaba, na mwalimu wetu, Madamu Kemigisha, akampa kila mtu blogu moja kuhusu teknolojia katika maktaba, tuisome kwenye simu na kuijazia fomu ya alama kumi: nani kaiandika, lini, amejuaje, na je, ni kweli? Nafungua yangu, naona nini? Maktaba yangu mwenyewe! Mgeni mmoja aliyewahi kututembelea kwa nusu saa kaandika kwamba tuna tableti kumi na mbili, kwamba wakimbizi sasa wanasoma vitabu vya dunia nzima kwa kidole, na chini yake picha yangu, nimekumbatia tableti, meno yote nje. Tableti yenyewe ilikuwa yake! Alinishikisha, akapiga picha, akairudisha kwenye mkoba.

Mtu mwenye akili angeandika "uongo" akalala zake. Lakini mimi ni mkimbizi wa siku nyingi, na sisi karatasi ikishakutaja hubishani nayo. Siku tuliyofika kutoka Kivu ya Kusini kule Kongo, karani wa usajili aliandika nimezaliwa tarehe mosi Januari, nikataka kumsahihisha, mama akanifinya: "Wacha vile bameandika, mwanangu. Ukibadilisha hata neno moja, batasema uko muongo." Basi nimezaliwa tarehe mosi Januari mpaka leo (nilizaliwa wakati wa kuvuna maharage, lakini nani aliuliza?). Kwa hiyo nikaandika: ni kweli, kumi kwa kumi.

Kesho yake Madamu akafurahi, akairusha ile blogu ukutani kwa projekta, uso wangu mkubwa kama mlango. Nyuma akasimama bwana mmoja wa ukaguzi wa maktaba, kavaa koti, hacheki.

"Wewe mama, mimi nilifika huko mwezi jana. Hapana ona tableti hata moja. Iko wapi?"

Nikajifanya natafuta kalamu chini ya kiti.

"Nani iko na ufunguo?"

"Ni miye."

Nikaitazama ile picha, mikono yangu imeshika kitu ambacho sasa kimepotea, nikaona kabisa nafungwa, ufunguo wapewa mwingine, watoto wangu wanasikia mama yao ni mwizi. Na hofu, ndugu zangu, haina akili. Nikasema, "Ziko kwa shemeji yangu, kule Rugaaga, zinachajiwa." (Sina shemeji Rugaaga. Rugaaga sijawahi hata kulala.)

Yule bwana akatoa kalamu, akaanza kuandika. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana niliona karatasi nyingine inazaliwa na jina langu ndani yake, na hii nimeizaa mwenyewe.

"Usiandike, papa!" nikapiga kelele, machozi yananitoka. "Tableti hazikuwako hata moja! Ile ya mu foto ni ya mgeni wa nusu saa, alinipatia tu nishike! Miye siko mwizi!"

"Na shemeji ya Rugaaga?"

"Hata yeye hayuko!"

Ukumbi ulicheka mpaka viti vikalia. Madamu Kemigisha hakucheka. Akanirudishia fomu yangu.

"Mama Furaha, humu ndani yote ni wewe peke yako ulijua hii blogu iko uongo. Kwa nini uliamini mtu wa nusu saa?"

Nikafuta kumi, nikaandika sifuri. Yule bwana akapiga mstari juu ya Rugaaga, ila Ijumaa alikuja maktabani vilevile, akahesabu rafu tatu na taa moja, akaondoka bila kunipa mkono.

Nikaapa: karatasi yoyote ikinitaja, nitaiuliza kwanza nani kakuandika, na alikuwepo? Wiki iliyopita nikasema nianze na ile tarehe mosi Januari. Nikapanga foleni toka asubuhi, nikafika dirisha la usajili, karani akainua macho: "Ndiyo mama, shida yako nini?"

Nikasema, "Hakuna shida, nilikuja kukusalimia tu."