Mpishi Anayekula wa Mwisho

Sufuria tatu ziko motoni, kila moja ingetosha kumwogeshea ndama. Mvuke umeufanya ukuta utoe jasho. Mwanamke mfupi aliyefunga aproni mbili, moja juu ya nyingine, anachovya mwiko kwenye maharage, anadondosha tone kiganjani, analamba, kisha anageukia karo na kutema.

"Chumvi bado," anasema, akisukutua mdomo.

Hicho ndicho chakula chake cha asubuhi.

Hii ni kantini ya kiwanda cha nguo, na mwanamke huyu wanamwita Bi Mwiko. Amelizoea jina hilo hata ukimwita la kuzaliwa hageuki. Wafanyakazi mia nne wanakula kwa mikono yake kila mchana. Yeye na wapishi wenzake watatu hawaruhusiwi kutia tonge kinywani mpaka wa mwisho kwenye foleni apate sahani yake.

Amri hiyo ilitolewa na msimamizi wa jiko, zamani, baada ya vipande vya nyama kupungua. Wapishi nao, badala ya kuichukia, wakaigeuza kuwa fahari. Mpishi hali mpaka sufuria ilie, wanasema, yaani mpaka mwiko ugonge chini patupu.

"Nilijisifu nayo," anasema Bi Mwiko. "Nilikuwa nasema mpishi mlafi ni aibu. Chai ya rangi alfajiri, basi, mpaka alasiri. Njaa ikija naifokea, inaondoka."

Njaa ilikuwa inaondoka kweli. Kilichobaki tumboni kilikuwa kinafanya kazi yake kimyakimya.

Alasiri ikifika, mgao wa wapishi huwa ukoko na mafuta yaliyoelea juu ya mchuzi. Bi Mwiko alivifakamia hivyo kwa miaka kumi na sita. Halafu jioni moja, akiwa anavua viatu mlangoni kwake, maumivu yakamshika.

"Yalianzia hapa," anasema akibonyeza chini ya mbavu za kulia, "yakapanda mpaka begani. Kama mtu ananikamua, ananianika, halafu ananikamua tena."

Alitapika mpaka akaishiwa nguvu. Kesho yake alikuwa jikoni, anatania watu kwenye foleni. Kufa na tai shingoni ni ugonjwa pia, ila huo hauna kipimo.

Kila aliyesikia habari zake akageuka daktari. Muuza dawa alimpa vidonge vya vidonda vya tumbo. Jirani akamwambia anywe maziwa mazito kila jioni, yatuliza tumbo. Akanywa, na maumivu yakazidi. Akaona kipimo ni kidogo, akaongeza. Alikwenda hivyo miaka mitatu, mpaka siku alipoanguka mbele ya foleni na bakuli la mchuzi mkononi, akapelekwa hospitali akiwa bado na aproni zake.

"Mama, una mawe kwenye mfuko wa nyongo," daktari alimwambia baada ya kumpima kwa altrasaundi. Alikuwa binti wa rika la mwanawe wa mwisho.

"Mawe? Nimeyala wapi? Mchele wangu naupeta mwenyewe!"

"Hukuyala, mama. Umeyatengeneza."

Binti yule akavuta kiti. Akamuuliza kama amewahi kuacha shira nzito kwenye chupa, ikakaa siku nyingi bila kumiminwa.

"Inafanya chengachenga chini," Bi Mwiko alijibu.

"Basi na nyongo ni hivyohivyo." Ini, alimweleza, hutengeneza nyongo na kuihifadhi kwenye kifuko chake. Ndani yake mna lehemu, ile ambayo wengi huiita kolesteroli. Nyongo ikiwa na chumvi zake za kutosha, lehemu huyeyuka ikatulia. Lehemu ikizidi, huanza kujitenga na kuwa fuwele, chembe ndogo ambazo jicho halizioni.

"Mtu akila, kifuko kinajikamua na kumwaga kilichomo," alisema daktari. "Asipokula kutwa nzima, nyongo inalala humo, inazidi kuwa nzito. Zile chembe zinanasa kwenye ute, zinashikana, zinakua. Halafu wewe unakuja na ukoko wenye mafuta, au maziwa. Kifuko kinajikamua kwa nguvu, jiwe linaziba mlango."

Alimwambia pia kwamba njaa si sababu pekee. Uzazi umo, umri umo, kupungua uzito ghafla kumo, na wengine hurithi.

Kifuko kikatolewa. Akaonyeshwa mawe yenyewe kwenye kichupa, ya manjano, kama punje za mahindi.

"Nikacheka," anasema, ila usoni hakuna kicheko. "Wenzangu wanastaafu na mafao. Mimi yangu ndiyo haya."

Lakini uchungu wake hasa hauko kwenye kovu lake. Uko mezani pale, unakata vitunguu.

Mpishi mdogo kuliko wote ni mkwe wake, mke wa mwanawe mkubwa. Bi Mwiko ndiye aliyemtafutia kazi hii. Amezaa watoto watatu kwa kufuatana, wa mwisho bado ananyonya. Mwezi uliopita Bi Mwiko alimkuta ameegemea magunia ya mchele, mkono ameukandamiza chini ya mbavu za kulia.

"Ni vidonda tu, mama," mkwe alimwambia. "Nakunywa maziwa."

Bi Mwiko anakoroga maharage anapolisimulia hili. "Maziwa nilimfundisha mimi," anasema. "Na kutokula nilimfundisha mimi."

Alikwenda kwa msimamizi kuomba wapishi waruhusiwe kula kitu kabla ya foleni. Alimkuta anakula. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, wahenga walisema, ila huyu hakuwa hata amemaliza kushiba.

"Nikiwafungulia nyie, kesho sufuria inafika kwenye foleni nusu," alimjibu, akaendelea na paja lake la kuku.

Mkwe amekubali kwenda kupimwa siku yake ya mapumziko. Kula ndiko hataki. Anamwogopa msimamizi, na zaidi ya hapo anaona haya. "Mama mkwe amesimama na njaa, mimi nitafune? Watu watanionaje?"

Kwa hiyo Bi Mwiko ameamua. Jumatatu atapakua sahani mbili kabla mlango haujafunguliwa, ya kwanza ataila mwenyewe, msimamizi akimtazama, na ya pili ni ya mkwe.

"Tukifukuzwa wote wawili, watoto watakula nini?" mkwe anauliza bila kuinua macho kwenye vitunguu.

"Na wewe ukikatwa kama mimi, atakayewapikia nani?"

Mkwe anachukua kitunguu kingine. Bi Mwiko anajifuta mikono kwenye aproni ya juu.

"Yake ataila," ananiambia. "Akiona haya, nitamlisha tonge kwa tonge, kwa mkono wangu, mbele ya wote mia nne."