Ngozi ya Ngoma kwa Mbwa wa Kaka

Kaka yangu alipovuka kwenda Tanzania, mwanzoni mwa vita, aliniachia vitu viwili: baiskeli isiyo na mnyororo na mbwa. Baiskeli iliibwa kabla sijapata mnyororo. Mbwa alibaki.

"Nitamfuata mambo yakitulia," kaka aliniambia. "Na meno yake uyaangalie, mdogo wangu. Mbwa ni meno."

Nilimjibu ndiyo, kama mtu anavyojibu ndiyo wakati gari linaondoka.

Tulikuwa tunaishi Gitega, katika mtaa wa Waislamu, na mimi nilikuwa fundi viatu. Nilikuwa nimesoma sekondari, na watu waliposhangaa kuniona na nyundo na gundi, niliwaambia kwamba wakati wa vita viatu huisha haraka kuliko wakati wa amani, maana watu wanakimbia sana. Walicheka, na kazi haikukosekana.

Mke wangu alimkubali mbwa kwa masharti. Mbwa akae langoni. Sahani yake isiingie jikoni. Na atakayeguswa na mate yake aoshe mara saba, mara moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa. Ili pasiwe na kisingizio, aliweka kopo la udongo safi kando ya lango, juu ya jiwe. Mbwa alikuwa mkubwa, rangi ya majani makavu, mpole kwa watu wa nyumbani na mkali kwa viatu vya wageni. Nilimpa ugali na maharage yaliyobaki. Alikula, alinenepa, alibweka. Nikadhani nimemaliza kazi yangu.

Siku hizo, kabla ya saa ya amri ya kutotoka nje, majirani walipenda kuketi uani kwetu. Mmoja wao alikuwa mama Mkongo kutoka Uvira, muuza vitenge, mwenye ulimi usiopumzika. Jioni moja mbwa alikuja kupiga miayo karibu na kiti chake. Yule mama aliziba pua kwa kitenge.

"Papa," akaniambia, "mbwa yako iko nanuka sawa ndagala, dagaa ya juma mbili!"

"Ni mbwa, mama. Wote wananuka."

"Hapana! Mi nilikuwa na mbwa Uvira, haikunuka hivi. Hii, hata mwizi atakufia hapo mulangoni, na we utalipa jeneza."

Watu walicheka mpaka mke wangu akaweka chini sinia la chai. Lakini kesho yake viti viwili vilikuwa vitupu, na keshokutwa vinne. Mke wangu akaniambia, bila kucheka, kwamba amechoka kukaa peke yake na mbwa anayefukuza majirani.

Wiki hiyohiyo dereva wa lori aliyekuwa akipita Muyinga, njia ya kwenda Tanzania, aliniletea salamu kutoka kambi ya wakimbizi. Kaka alikuwa mzima. Mvua zikiisha, angekuja mpaka Kobero, mpakani, kumchukua mbwa wake.

Basi ndipo nilipomfungua mbwa mdomo kwa mara ya kwanza, nikitumia vijiti viwili ili nisiguse mate. Meno ya mbele yalikuwa ya manjano. Magego yalikuwa yamevaa ukoga wa kahawia, mgumu kama sufuria iliyoungua, na ufizi umevimba mwekundu. Nilijiona namkabidhi kaka mdomo ule.

Kumpiga mswaki haikuwezekana. Mke wangu angemaliza udongo wote wa Gitega. Ilibidi mbwa ajisafishe mwenyewe, kwa kutafuna. Hapo nilifikiri sawasawa. Mabaya yalianza nilipochagua cha kutafuna.

Kwenye kona yetu palikuwa na mchoma brosheti, mishikaki ya mbuzi. Nilimwomba mifupa ya mbuzi iliyobaki kwenye makaa, nikamrushia mbwa rundo zima. Alitafuna kwa furaha, tukasikia ko, ko, ko, nami nikasimama nikiwa nimeshika kiuno kama daktari. Kisha sauti ilibadilika. Mbwa alianza kujikuna mdomo kwa miguu ya mbele, akizunguka, mate yakichuruzika. Mfupa uliochomwa hukauka, na ukivunjika hutoa ncha kali. Ncha moja ilikuwa imekwama juu, katikati ya magego.

Mimi nilikimbia kutafuta vijiti vyangu. Niliporudi, mke wangu alikuwa amepiga magoti, mkono wake umeingia mdomoni mwa mbwa mpaka kwenye kifundo, na anamwambia, "Tulia, we mjinga, tulia." Akautoa mfupa. Akaniangalia, mate yanamtiririka mpaka kwenye kiwiko.

"Lete kopo," akasema.

Nilimmwagia maji, nikamhesabia. Alipomaliza ndipo tukaona kipande cha jino chini. Gego moja kubwa la upande wa kushoto lilikuwa limepasuka.

"Utamwambia nini shemeji yangu?" akaniuliza.

Na badala ya kutafuta jibu, nilifanya kosa la pili, ambalo ni fundi viatu tu angeweza kulifanya. Nilifikiri: ngozi si mfupa, haina ncha, na mimi ninayo tele. Nikachukua vipande vya ngozi ya soli, nikampa. Ngozi ile ilikuwa imepitia dawa na rangi, na baadhi ilikuwa na gundi. Harufu yake mimi sikuisikia tena kwa mazoea. Mbwa alitapika uani asubuhi yote, matapishi meusi kama wino wa shuleni.

Mama wa Uvira alichungulia juu ya ukuta. "Papa, sasa we unamushonea viatu ndani ya tumbo?"

Siku mbili mbwa alikunywa maji tu. Nilikaa naye langoni, nimeacha viatu vya watu, na kila lori lililopita nilidhani limeleta habari kwamba kaka amefika Kobero.

Alipopata nafuu nilimkumbuka mtu mmoja nje kidogo ya mji, mtengenezaji wa ngoma. Alikuwa akiwamba ngozi za ng'ombe kwa vigingi kwenye jua, anazikwangua manyoya, basi. Hakuna dawa, hakuna rangi. Kingo zinazobaki alizitupa. Nilimuuliza kama zinamfaa mbwa.

"Kwa ngoma zinafaa," akasema. "Kwa mbwa sijui. Mbwa wangu huziiba, lakini huiba hata sabuni."

Nilibeba mzigo mzima. Nyumbani nililoweka kingo zile mpaka zikalainika, nikazikunja kama mkeka, nikazifunga kwa utepe wa ngozi ileile, wala si kwa uzi wala msumari, nikazianika. Zilikauka zikawa ngumu, lakini si ngumu kama mfupa: nikikandamiza kwa ukucha, alama inabaki. Hicho ndicho kilikuwa kipimo changu. Kisichopokea ukucha kitavunja jino.

Safari hii sikurusha na kuondoka. Niliketi. Mbwa alilalia tumbo, akashika ule mkunjo kwa miguu yote miwili, akautafuna kwa pembeni, na kadiri ulivyolainika ulisugua magego yake mpaka karibu na ufizi. Mkunjo ulikuwa mrefu kuliko mdomo wake, asiweze kuumeza. Ulipobaki mfupi kama kidole gumba, alianza kuutupa nyuma ya koo, nami nikaruka na koleo la mkaa kumnyang'anya.

"Koleo langu!" mke wangu akapiga kelele kutoka jikoni.

Lile koleo halikurudi jikoni. Liliwekwa pale juu ya jiwe, kando ya kopo.

Nilimpa mkunjo mmoja, nikampumzisha, nikampa mwingine baada ya siku kadhaa, na chakula nikakipunguza kidogo, maana tumbo halipendi ngozi nyingi. Mvua zilipokaribia kuisha, meno ya mbele yalikuwa meupe na ufizi umerudi rangi yake. Ukoga wa zamani wa nyuma haukutoka wote. Ule ulikuwa jiwe tayari. Lakini harufu ilipungua kiasi kwamba jioni moja mama wa Uvira alivuta kiti chake mwenyewe karibu na lango, akanusa hewa, akasema, "Eeh. Sasa iko nanuka mbwa tu." Viti vikajaa tena.

Tulipanda lori la maharage mpaka Muyinga, mimi na mbwa, tukalala kwa ndugu wa mke wangu, kisha tukafika Kobero asubuhi. Malori yalikuwa yamejipanga, wabadilisha fedha wanaita, wabeba mizigo wanapita na magunia kichwani. Kaka alikuwa upande wa pili wa kizuizi, amekonda, kofia ileile aliyoondoka nayo. Mbwa alimwona kabla yangu. Kamba ilinitoka mkononi.

Walipomaliza kuangushana, kaka alimshika taya akamfungua mdomo, palepale, mbele ya watu wa forodha. Alipitisha kidole. Kikasimama upande wa kushoto.

"Na hili?"

Njiani nilikuwa nimetunga hadithi ya jiwe na mwizi. Nilipomwona amepiga magoti hivyo, hadithi ikanikauka.

"Ni mimi, kaka. Nilimpa mfupa wa brosheti. Uliniambia niangalie meno, na mimi sikuangalia mpaka uliposema unakuja."

Alilipapasa tena lile jino. Kisha alisogeza pua yake karibu na mdomo wa mbwa, akanusa.

"Hanuki," akasema kwa mshangao. "Kwangu alikuwa ananuka. Unampa nini?"

Nilifungua mfuko. Nilikuwa nimebeba mikunjo ya kutosha, na koleo jipya. Nilimwonyesha ukubwa, jinsi ya kupima kwa ukucha, wakati wa kunyang'anya. Kaka alisikiliza kama mwanafunzi, kisha akaanza kucheka, na mimi nikacheka, na wabeba mizigo wakasimama kututazama: wanaume wazima wawili katika nchi yenye vita, wanafundishana kutafuna.

"Jino moja nakudai," alisema alipokuwa anaondoka. "Utalilipa kwa ngozi."

Nililipa. Miaka yote aliyokaa huko nilimtumia mikunjo kupitia madereva, na kila dereva aliuliza kama kule kambini watu wamefikia kula ngoma. Gego lile bado linanisumbua kuliko makosa mengine makubwa niliyoyafanya maishani, labda kwa sababu niliambiwa mapema na ilikuwa rahisi kutii.

Niliporudi Gitega kutoka mpakani, lango lilikuwa kimya. Mke wangu alikuwa ameiosha sahani ya mbwa, na nikaiona imeegemezwa ukutani, jikoni, mahali ambapo yeye mwenyewe alikataza. Kopo la udongo lilikuwa bado juu ya jiwe, limejazwa upya.

"La nini sasa?" nikamuuliza.

"Wewe acha tu," akasema. "Mbwa anajua njia ya nyumbani."